Andrew Jackson: Rais wa Marekani aliyeua benki ya taifa, lakini sura yake iko kwa noti

Ukishika noti ya dola 20 ya Marekani, huyo mzee mwenye nywele zimesimama ni Andrew Jackson. Aliwekwa hapo 1928. Cha kushangaza ni kuwa jamaa alichukia noti za benki vibaya sana.

Jackson alizaliwa 1767, budake akiwa tayari ameaga. Akiwa na miaka 14, mathake pia akaenda. Alisota hadi akawa wakili Tennessee. Mwaka 1795 aliuzia mfanyabiashara wa Philadelphia mashamba, akalipwa kwa karatasi za ahadi badala ya doo taslimu. Akazitumia kununua bidhaa za duka lake. Yule jamaa akafilisika, na deni likamwangukia Jackson. Alilipa kwa miaka.

1815 aliwachapa Waingereza pale New Orleans, akawa shujaa. 1829 akaingia Ikulu.

Alikuta Benki ya Marekani, iliyopewa leseni ya miaka 20 mwaka 1816. Ilitunza pesa za serikali, lakini hisa nne kati ya tano zilikuwa za watu binafsi. Bosi alikuwa Nicholas Biddle. Kwa Jackson, hiyo ilikuwa mashine ya masonko kunyonya mkulima na kibarua.

1832, Biddle akaomba leseni mpya miaka minne mapema, akisukumwa na Seneta Henry Clay aliyewania urais. Walidhani Jackson ataogopa mwaka wa uchaguzi. Wapi! Kongresi ilipitisha mswada, Jackson akadinda kutia saini. Uchaguzi ulipofika akamlambisha Clay sakafu, kura 219 za wajumbe kwa 49.

1833 akaamuru pesa za serikali zipelekwe benki za majimbo. Waziri wa Fedha, William Duane, akakataa. Akapigwa kalamu. Biddle naye akabana mikopo ili raia waumie na wamgeuke rais. Jackson hakutikisika, na 1836 leseni ikaisha.

Lakini benki za majimbo zilikuwa zinamwaga mikopo na noti bila wa kuzishika breki. Mei 1837, miezi miwili tu baada ya Jackson kutoka Ikulu, zikaacha kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha. Vibarua aliosema anawatetea wakakosa kazi.

Na utetezi wake ulichagua watu. Jackson alimiliki watumwa zaidi ya 100, na 1830 alitia saini sheria iliyowang'oa wenyeji asilia kwenye ardhi yao. Aliaga 8 Juni 1845 shambani kwake, Tennessee, hao watumwa wakiwa bado mali yake.