Walter Rodney: Mwanahistoria aliyeshuhudia jarida la wanafunzi wake likizimwa

Miongoni mwa wasomi wa kigeni waliopata kufundisha Afrika Mashariki, ni wachache walioacha alama kubwa kwa wanafunzi kama Dkt Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyeuawa kwa bomu jijini Georgetown mnamo Juni 13, 1980, akiwa na umri wa miaka 38.

Rodney alizaliwa katika jiji hilo hilo Machi 23, 1942. Wazazi wake walikuwa washonaji nguo. Akili yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha West Indies nchini Jamaika, alikohitimu mwaka 1963, kisha London, alikotunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1966.

Mwaka huo huo aliajiriwa Dar es Salaam. Kwa msomaji wa Mombasa, chuo hicho ni mwendo wa kutwa kwa basi: ukishavuka kivuko cha Likoni, unashika barabara ya Lunga Lunga hadi Tanga, kisha unaelekea kusini. Siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mabweni yake yaliwakutanisha vijana wa Kenya, Uganda, Malawi na kwingineko.

Mnamo 1967 vijana hao waliunda chama chao, USARF, kilichofuata siasa za mapinduzi ya Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, aliyetwaa uongozi wa Uganda mwaka 1986. Jumapili walikuwa na madarasa yao wenyewe ya siasa, nje ya mihadhara rasmi.

Hawakuwa malaika. Mwaka 1968 walivuruga sherehe ya wanafunzi wenzao waliokusudia kuzunguka mjini wakiwa wamevalia matambara ili kuchangisha pesa za hisani, wakidai kwamba huko ni kuwadhihaki maskini. Waliojiona watetezi wa wanyonge nao walijua kuwafunga wengine mdomo.

Rodney hakuwapo wakati huo. Alikuwa amerejea Jamaika kufundisha, na Oktoba 1968 serikali ya huko ikampiga marufuku kuingia nchini humo. Wanafunzi waliandamana na ghasia zikazuka Kingston. Mwaka 1969 alirudi Dar es Salaam, na USARF ikapata rafiki na mshauri.

Novemba 1969 chama hicho kilianzisha jarida lililoitwa Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, na toleo la kwanza lilibeba makala ya Rodney kuhusu wafanyakazi wa Afrika chini ya ubepari.

Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alionja makali ya wenye mamlaka. Baada ya hotuba yake kwa vijana wa Afrika Mashariki na ya Kati, gazeti la chama tawala cha TANU, The Nationalist, lilimkemea vikali katika tahariri, likipinga wito wake wa kuziangusha kwa nguvu serikali za nchi zilizokwisha kujitawala. Rodney alijibu kwa barua ya heshima katika gazeti hilo hilo. Alikuwa mgeni, naye alilijua hilo.

Mwaka 1970 alikwenda Makerere kujadiliana na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Mmoja alikuwa Mmaksi na mwingine akiutilia shaka Umaksi, na wanafunzi waliwasikiliza wote wawili.

Huko Dar es Salaam uwanja ulikuwa ukipungua. Septemba mwaka huo Cheche ilitoa toleo maalumu lenye uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ndani ya Tanzania yenyewe. Novemba, USARF na Cheche zilipigwa marufuku.

Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina la jarida lilikuwa la kuiga gazeti la Lenin wa Urusi. Ajabu ni kwamba vijana hao walikuwa wakiuunga mkono ujamaa uliotangazwa na serikali yenyewe. Kosa lao lilikuwa kuuliza kama unatekelezwa. Jarida lilirudi chini ya mwavuli wa TANU, likaitwa Maji Maji.

Mnamo Julai 1971 ilikuwa zamu ya Mkenya, Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi chuoni humo. Baada ya kumwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi yenye lawama, alikamatwa na kurudishwa Kenya kwa nguvu. Wenzake waligoma.

Rodney aliendelea kufundisha na kuandika. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoifukarisha Afrika, kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na Dar es Salaam.

Alirejea Guyana mwaka 1974, akanyimwa kazi ya uprofesa katika chuo kikuu cha nchi yake na kugeukia siasa za upinzani dhidi ya Forbes Burnham. Bomu lililomuua lilifichwa ndani ya redio ya mawasiliano aliyopewa na Gregory Smith, aliyekuwa sajini jeshini. Smith alikimbilia Guyana ya Kifaransa, akafariki mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi iliihusisha serikali ya Burnham na mauaji hayo.

Hirji naye alisimulia kisa cha Cheche katika kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam, miaka 40 baada ya jarida hilo kuzimwa.