Aimé Behaeghe: rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati, ambaye ndege yake ilipita Kisangani ndani ya masanduku

KISANGANI – Watu wengi wa Tshopo wanajua kwamba mji wao ulikuwa kituo kikubwa cha mashua na treni wakati wa ukoloni. Wachache wanajua kwamba mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ndege nne za kivita zilipita hapa. Hazikupita angani. Zilipita ndani ya masanduku, mabawa pembeni, injini pembeni, zikielekea ziwa Tanganyika. Kijana mmoja aliyesafiri kwa kazi hiyo alikuja kuwa rubani wa kwanza kuruka na ndege katika Afrika ya Kati. Jina lake ni Aimé Behaeghe. Hakurudi kwao.

Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 Kachtem, kijiji cha Flandria ya Magharibi, nchini Ubelgiji. Ndugu wawili Wright waliporusha ndege yao ya kwanza kule Marekani mwaka 1903, yeye alikuwa mtoto wa miaka 13. Louis Blériot alipovuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza mwaka 1909, alikuwa kijana wa miaka 19. Alikuwa mtu wa kizazi kilichoona ndege ikizaliwa, na ikigeuzwa haraka kuwa silaha.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Ujerumani ilichukua karibu Ubelgiji yote. Huku kwetu vita vilifika mapema pia. Wajerumani walishika Rwanda, Burundi na Tanganyika, na katika miezi ya kwanza meli zao ndizo zilizotawala ziwa. Mwisho wa 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, ambazo ziliteka meli Kingani tarehe 26 Desemba na kuzamisha Hedwig von Wissmann mwezi Februari 1916. Lakini ilibaki meli moja iliyowatia wote hofu: Graf von Götzen.

Meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi na iliweza kubeba mamia ya askari kwa safari moja. Ilikuwa imetengenezwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapata 5,000, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliundwa upya. Ilishushwa majini mwezi Februari 1915. Maadamu ilikuwa inaelea, jeshi la Congo halikuweza kuvuka ziwa kwa usalama. Mkuu wa mashua za Kiingereza alipoiona, hakutaka kupigana nayo.

Hapo ndipo Wabelgiji walipofikiria kuishambulia kutoka juu. Serikali ya Uingereza iliwaazima ndege nne aina ya Short 827, za kutua juu ya maji. Zilikuwa za mbao na kitambaa, zenye mabawa ya upana wa mita 16 hivi na mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kila moja ilibeba watu wawili: rubani na mwangalizi. Kikosi kiliongozwa na kamanda de Bueger, na pamoja na Behaeghe walikuwemo Orta, Castiau na Collignon.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzifikisha. Masanduku yalishushwa Matadi, yakapanda treni hadi Kinshasa, halafu mashua juu ya mto Congo hadi Kisangani, iliyoitwa wakati ule Stanleyville. Hapa mto unakatwa na maporomoko, kwa hiyo kila kitu kilishushwa na kupakiwa tena kwenye treni ya kwenda Ubundu, safari ya kilomita 125. Kutoka Ubundu ni mashua tena hadi Kindu, treni hadi Kongolo, mashua hadi Kabalo, na mwisho reli mpya iliyokuwa imefika ziwani Kalemie mwaka 1915 tu.

Kila mahali palipo na mwisho wa reli au maporomoko, masanduku yalibebwa kwa mikono na mabega ya Wacongo. Kipande kimoja cha bawa kikivunjika, hakukuwa na duka la kununua kingine. Majina ya mabawe na vibarua wa Kisangani waliopitisha mizigo ile hayakuandikwa kwenye vitabu vinavyotaja marubani. Katika vita vyote vya Wabelgiji dhidi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani walitumiwa wapagazi zaidi ya laki mbili, na wengi walikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa.

Wanaopenda kuunda maketi za ndege za zamani wanajua kazi ya kufungua sanduku, kupanga vipande mezani na kutafuta kila kimoja kinakaa wapi. Behaeghe na wenzake walifanya kazi hiyo hiyo kwa ndege za kweli, kando ya ziwa, kwenye joto na mvua. Ndege zenyewe hazikuumbwa kwa nchi hii. Unyevu unaharibu gundi, mbao na kitambaa. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa yenye joto ya mahali pa juu ni nyepesi: injini inapoteza nguvu na bawa linainua uzito mdogo zaidi. Tena mawimbi ya ziwa yangeweza kuvunja ndege wakati wa kutua. Kwa sababu hiyo walichagua Tungwe, maji yaliyotulia kwenye upande wa magharibi wa ziwa, pawe makao yao.

Mwezi Mei 1916 ndege ya kwanza iliruka. Kwa safari hizo Behaeghe aliingia katika historia kama rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati.

Tarehe 10 Juni 1916, yeye akiwa rubani na Collignon akiwa mwangalizi, walivuka ziwa hadi Kigoma. Ni safari ya zaidi ya saa moja juu ya maji matupu, katika ndege ya mbao yenye injini moja. Kama injini ingezima, hakukuwa na wa kuwaokoa karibu. Walitupa mabomu juu ya bandari na juu ya Graf von Götzen, kisha wakarudi. Wabelgiji walitangaza kwamba meli ilipigwa. Waandishi wa baadaye wamebishana sana juu ya ukubwa wa madhara hayo.

Kuna jambo jingine ambalo marubani hawakuweza kuliona wakiwa juu. Wanahistoria wengi wanaeleza kwamba wakati huo Wajerumani walikuwa wameondoa mzinga mkubwa wa meli ili utumike nchi kavu, na mahali pake wakaweka mzinga wa mti. Meli iliyoogopwa na ziwa zima ilikuwa imebaki na mfano tu wa silaha yake.

Mashambulizi ya ndege yaliendelea, huku askari wa Force Publique wakikaribia kwa nchi kavu. Tarehe 26 Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao, baada ya kupaka injini mafuta mazito ili zisiharibike. Siku mbili baadaye Kigoma ilitekwa. Mwezi Septemba Tabora nayo ikaanguka.

Behaeghe alinusurika vita vya angani, lakini hakunusurika nchi iliyomchosha. Aliugua, na tarehe 3 Desemba 1916 alifariki Niemba, kwenye njia ya reli kati ya Kabalo na Kalemie, reli ile ile iliyokuwa imeleta ndege yake. Alikuwa na miaka 26. Kijijini kwake Kachtem alijengewa mnara wa ukumbusho.

Kisangani haikungoja muda mrefu kuona ndege zisizo ndani ya masanduku. Mwaka 1920 ilianzishwa njia ya anga iliyopewa jina la Mfalme Albert, ikifuata mto kutoka Kinshasa, na mwaka 1921 ikafika Stanleyville. Ndege zake, aina ya Lévy-Lepen, nazo zilikuwa zimebuniwa kwa ajili ya vita, ila sasa zilibeba barua na abiria na kutua juu ya mto. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1922.

Na meli ambayo Behaeghe alitumwa kuiangamiza? Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba pamoja na meli Mwongozo zilirudisha nyumbani wakimbizi wa Congo zaidi ya elfu 75, kutoka Kigoma hadi Uvira. Kati ya familia za Kivu ya Kusini zilizovuka kwa meli hiyo, wengi wako hai leo na wanaikumbuka kama chombo kilichowarudisha kwao.