Tôn Thất Tùng, muganga aliyejifunza njia za ini ili mgonjwa arudi nyumbani

Mtu akiambiwa kwamba iko na kansere ya ini, familia inakaa kimya. Na waganga wakisema inafaa kumpasua, watu wanauliza swali moja tu: akiingia kule, atatoka? Na akitoka, ataishi muda gani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa baya. Ini lilikuwa linaogopesha waganga wa upasuaji kuliko sehemu nyingi za mwili. Kama leo kuna wagonjwa wenye wanakatwa sehemu ya ini na bado wanalea watoto wao, ni kwa sababu ya kazi ya watu wachache. Mmoja wao ni Tôn Thất Tùng wa Vietnam. Alikufa tangu 1982, lakini waganga wa ini bado wanajua jina lake.

Tùng alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tano 1912 kwa Thanh Hóa, akakomea Huế, mji wa wafalme. Ukoo wake ulikuwa wa damu ya kifalme, na angeweza kutafuta kazi ya serikali kama wengine. Yeye alichagua udaktari, akaenda kusoma Hanoi. Wakati ule Vietnam ilikuwa chini ya Wafaransa. Mwanafunzi mwenyeji aliweza kusoma, lakini nafasi za juu ndani ya hospitali zilikuwa za wazungu. Tùng hakukubali. Aliandika, akadai mtihani wa kuwa muganga wa ndani wa hospitali ufunguliwe kwa wenyeji pia, na mwishoni akaushinda. Sisi Wacongo tunaelewa habari kama hiyo: wazee wetu wenye walisomea uganga wakati wa Wabelgiji waliishia kuitwa wasaidizi wa waganga, na mwaka wa 1960 nchi ilipata uhuru ikiwa haina daktari Mcongo hata mmoja.

Kwa hospitali ya Phủ Doãn, pale Hanoi, Tùng alikuwa anapima maiti ili kujua kilichowaua. Siku moja alikuta ini lenye mifereji yake ya nyongo ilikuwa imejaa minyoo, ile minyoo mirefu ya tumboni yenye watoto wetu wanajua vizuri. Minyoo ilikuwa imepanua mifereji, na kwa hiyo ilionekana wazi. Tùng akachukua kifaa kidogo cha kukwangulia, akaanza kuondoa nyama ya ini polepole na kuacha mifereji na mishipa peke yake, sawa vile mtu anavyoondoa udongo kwenye mizizi ya mti bila kuikata.

Hakuishia hapo. Alirudilia kazi hiyo kwa maini zaidi ya 200, na kila moja akalichora. Ndipo akaona kwamba ini, hata kama kwa macho linaonekana kipande kimoja tu, liko na sehemu zake, na kila sehemu iko na mishipa yake ya kuleta damu na ya kuitoa. Ni sawa na mtaa wenye kila avenue iko na bomba lake la maji. Ukijua bomba gani linaenda wapi, unaweza kufunga avenue moja bila kukausha mtaa mzima. Kitabu chake cha kumaliza masomo, cha 1939, kilikuwa juu ya mishipa hiyo, na Chuo Kikuu cha Paris kikamupatia medali ya feza.

Kwa nini michoro hiyo ilikuwa kitu kikubwa? Kwa sababu ya damu. Ndani ya ini inapita karibu litre moja na nusu ya damu kila dakika. Muganga mwenye kukata bila kujua njia anaweza kumpoteza mgonjwa mbele ya macho yake. Na hata damu ikisimama, kama alikata mshipa wenye kulisha sehemu iliyobaki, sehemu hiyo inakufa na mgonjwa anaifuata siku chache nyuma. Kwa hiyo kuishi kwa mgonjwa kulianza kuamuliwa mbele ya kisu kuingia, pale muganga alipojua ama hakujua ramani.

Mwaka huohuo wa 1939, Tùng pamoja na mwalimu wake Mfaransa, Meyer-May, walitoa sehemu ya kushoto ya ini la mgonjwa wa kansere wakifuata ile ramani. Habari ilifika Paris kwa Akademia ya Upasuaji. Wakubwa wa pale hawakuipokea vizuri. Kijana wa koloni, bado hajafika miaka 30, angefundisha nini waganga wa Ulaya? Tùng aliweka kazi hiyo pembeni, na ikalala zaidi ya miaka 20.

Wakati huo vita ilikuwa imemkuta. Mwaka wa 1945 Vietnam ilitangaza uhuru, na mwishoni mwa 1946 vita na Ufaransa ikawaka. Tùng aliacha Hanoi, akaingia porini na wapiganaji wa Hồ Chí Minh. Mwaka wa 1947 akawa makamu wa waziri wa afya, lakini hakuacha kupasua. Chini ya nyumba za mianzi alitibu majeruhi, na pamoja na wenzake wakaendelea kufundisha wanafunzi wa udaktari palepale msituni, dawa ikiwa kidogo na vitabu vichache. Mwaka wa 1954 alifika Điện Biên Phủ na kupasua majeruhi wa ile vita kubwa yenye ilimaliza utawala wa Wafaransa.

Amani ilipokuja, alirudi Hanoi na kuongoza hospitali yake ya zamani, yenye baadaye iliitwa Việt Đức, ni kusema Vietnam na Ujerumani, kwa sababu Ujerumani ya Mashariki iliisaidia. Pale akafungua tena kazi ya ini. Vietnam ilikuwa na wagonjwa wengi wa kansere hiyo.

Kati ya wakati, waganga wengine walikuwa wametembea. Mwaka wa 1952 Mfaransa Lortat-Jacob alionyesha namna ya kutoa upande wa kuume wa ini: kwanza unatafuta mishipa yote nje ya ini, unaifunga mmoja mmoja, ndipo unakata. Njia hiyo ilikuwa nzuri lakini ya kuchukua masaa, na kila saa kwa meza ya upasuaji ni hatari kwa mgonjwa dhaifu.

Tùng alileta njia fupi. Alibana kwanza kwa dakika chache pale mishipa mikubwa inaingilia kwenye ini. Halafu alikuwa anaponda nyama ya ini kwa vidole vyake. Fikiria muhogo uliopikwa: ukiuponda, nyama yake inalegea, lakini ile kamba ya katikati inabaki nzima. Vivyo hivyo nyama ya ini ilipondeka, na mishipa ikabaki kati ya vidole. Akaifunga palepale, akaikata, kisha akafungulia damu ipite tena. Kukata kwenyewe kulichukua dakika chache tu. Wengine waliona ni mchezo wa kubahatisha, lakini vidole vilijua pa kwenda, kwa sababu ya yale maini 200. Mwaka wa 1963 yeye na mwenzake Nguyễn Dương Quang walieleza njia hiyo ndani ya The Lancet, gazeti kubwa la waganga la Uingereza. Mwaka wa 1977, ileile Akademia ya Paris yenye ilimdharau akiwa kijana ilimpa medali ya Lannelongue.

Lakini tusidanganyane. Kutoka mezani ni jambo moja, kuishi miaka ni jingine. Wakati wa Tùng, hata kwa hospitali kubwa za dunia, zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 alikufa kwa sababu ya upasuaji mkubwa wa ini. Na kati ya wale wenye walipona kidonda, kansere ilirudia wengi. Tùng alilijua hilo. Miaka yake ya mwisho alijaribu kuongeza juu ya kisu dawa za kuamsha kinga ya mwili. Alitafuta pia chanzo. Alikuwa kati ya waganga wa kwanza kusema kwamba dioksini, sumu yenye ilikuwa ndani ya dawa za kukausha misitu zilizomwagwa na jeshi la Marekani, inaweza kuleta kansere ya ini. Wanasayansi wengine walibishana naye juu ya hesabu zake, lakini yeye hakunyamaza.

Alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 mwezi wa tano 1982, ikibaki siku tatu atimize miaka 70. Mtoto wake Tôn Thất Bách naye akawa muganga wa upasuaji na akaongoza hospitali ileile. Pembeni ya Chuo Kikuu cha Udaktari cha Hanoi kuna barabara yenye jina la Tùng.

Leo, kwa hospitali zenye vifaa na waganga waliozoea, kufa kwa sababu ya upasuaji wa ini kumepunguka sana. Kati ya wale wenye wanapasuliwa mapema, nusu ama zaidi wanafikisha miaka 5. Ini liko na zawadi yake: kama ni zima, unaweza kutoa hata theluthi mbili, na lile lililobaki linakua tena kwa muda wa miezi. Ila kama limekwisha kukauka na kuwa gumu, ile siroze, haliwezi kukua vizuri, na muganga anaweza kukataa kupasua. Hapo hakatai kwa ubaya. Anajua kwamba sehemu itakayobaki haitatosha kumlinda mgonjwa. Na hata mwenye alipasuliwa vizuri, kansere inaweza kurudi, kwa hiyo anapaswa kurudi kwa muganga kila baada ya miezi michache.

Shida kubwa ya wagonjwa wa Tùng ni ileile ya kwetu: kufika wamechelewa. Kansere ya ini haiumizi mwanzoni. Tumbo likivimba na macho yakigeuka manjano, mara nyingi saa ya kisu imekwisha kupita. Kwa hiyo, mwenye epatiti B ama siroze aombe ekografi ya ini kila miezi 6, hata kama anajisikia muzima. Watoto wapewe chanjo yao ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake kuna kinga ya epatiti B. Karanga na mahindi yenye kuota ukungu tusiyale, na tusiyasage unga wa kuuzia wengine. Pombe nayo tuipunguze.

Tùng alitumia miaka akitafuta njia ndani ya maini ya watu waliokwisha kufa, ili walio hai wapate nafasi. Nafasi hiyo iko, lakini inamsaidia mwenye kufika mapema.