Muyaka na Daftari la Sikujua

Wapo waaminio kwamba neno zuri halifi. Kwamba likishatamkwa, litajipeleka lenyewe masikioni mwa watu na kudumu vizazi na vizazi. Maisha ya Muyaka bin Haji yanatufunza vingine.

Malenga huyu alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, zama za utawala wa Wamazrui. Alitunga juu ya mapenzi, ukata, safari za baharini na siasa za mji wake. Mombasa ilipozozana na Lamu na Zanzibar, tungo zake zilikuwa silaha, nao watunzi wa upande wa pili wakamjibu kwa silaha iyo hiyo. Hazikuhitaji mtambo wa kupigia chapa. Zilienea kwa ndimi, baraza hadi baraza.

Muyaka alifariki mwaka 1840, miaka mitatu baada ya Seyyid Said kuwaangusha Wamazrui. Tungo zake ziliendelea kuishi vifuani mwa watu, lakini watu nao ni wa kufa. Kila mzee aliyezikwa alikwenda na beti zake. Tena shairi la mafumbo likipotewa na kisa kilicholizaa, hugeuka kitendawili kisicho na wa kukitegua.

Aliyezuia hasara hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa papo hapo Mombasa. Yeye aliyakusanya mashairi hayo vinywani mwa watu, akayaandika na kuyafafanua, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890. Nusu karne baadaye, mwaka 1940, William Hichens aliitoa diwani ya Muyaka kule Johannesburg. Nao miswada ya Taylor ikawekwa London, mbali na baraza zilizoyasikia mashairi hayo kwanza.

Tusidanganyike basi na wingi wa wasemaji. Kuenea si kudumu. Habari hukimbia yenyewe, ila haijihifadhi. Huhifadhiwa na mtu aliyekubali kuketi, kusikiliza na kuandika. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo, ndugu msomaji, yupo mzee mtaani kwako ajuaye asili ya jina la kisima, au kisa cha wimbo wa harusi. Je, Sikujua wake ni nani? Ukimngojea mgeni aje, usishangae mjukuu wako akilazimika kuvuka bahari kwenda kuusoma urithi wa babu yake.