Robert Koch: Tabibu aliyefichua bakteria, chanjo ikamshinda

KIMETA ni ugonjwa ambao mfugaji wa Matuu, Kaunti ya Machakos, hahitaji kuelezwa. Aliyethibitisha kwamba huletwa na bakteria ni Mjerumani Robert Koch, ambaye maisha yake yaonyesha pia kwamba kumjua adui si kumshinda.

Koch alizaliwa mjini Clausthal mnamo Desemba 11, 1843, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka wa 1866. Akiwa daktari wa wilaya huko Wollstein, alichunguza kwa hadubini nyumbani kwake jinsi bakteria wa kimeta wanavyojigeuza kuwa chembe ngumu zinazodumu udongoni miaka mingi. Alitangaza ugunduzi huo mwaka wa 1876. Mnamo Machi 24, 1882, akafichua bakteria wa kifua kikuu.

Sifa zake zilienea kote. Mwaka wa 1890 alitangaza tuberkulini, dawa iliyotokana na bakteria hao, aliyodai iliwakinga wanyama wa maabara na kuuzuia ugonjwa. Wagonjwa walifurika Berlin, ingawa Koch alificha jinsi ilivyotengenezwa. Dawa haikuponya, na baadhi yao walifariki. Siku hizi tuberkulini hutumiwa kupima maambukizi tu.

Afrika Mashariki ilimfahamu pia. Mnamo 1897 na 1898 alichunguza malaria na magonjwa ya mifugo Dar es Salaam. Baada ya kutunukiwa Nobel mwaka wa 1905, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale kwa dawa yenye aseniki. Wagonjwa kadhaa walipofuka. Alifariki Baden-Baden mnamo Mei 27, 1910.

Koch hakujua ni sehemu gani ya bakteria huamsha kinga ya mwili. Leo watafiti huichagua sehemu hiyo. Baadhi ya bakteria wana protini juu ya ngozi yao zinazonasa protini ya damu ibebayo madini ya chuma. Zikishanasa, hufunikwa, na kinga haizitambui vyema. Kwa hivyo wataalamu huzibadilisha kidogo ili zisinase tena. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, protini iliyobadilishwa hivyo iliwakinga nguruwe vizuri kuliko ile ya asili.

Watafiti hao walieleza wazi walichofanya, na wakaanza na wanyama. Wagonjwa wa Berlin hawakupata bahati hiyo.