HAMED BIN MUHAMMED EL-MURJEBI (TIPPU TIP): MALI, DENI NA HESABU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla hajapewa utume, pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Baadhi ya wazee wetu hapa Kamina walitoka Kasongo, Kabambare na Kindu, na jina la mtu huyu walikuja nalo. Tulipokuwa watoto chuoni tulisikia akisifiwa kwa bunduki zake na pembe zake. Hakuna aliyetuambia mali ile ilipatikana vipi na iliishia wapi. Leo tuyaangalie maisha yake kwa macho ya sheria ya biashara, kwa sababu mambo yaliyompata yeye yanatupata na sisi sokoni kila siku.

KUZALIWA NA SAFARI ZA KWANZA

Hamed bin Muhammed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, naye alioa binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kijana alipofika umri wa miaka 18 hivi alimfuata baba yake bara. Katika safari zake za mwanzo alivuka ziwa Tanganyika akaingia Urua, yaani nchi ya Waluba, mpaka kwa chifu Mrongo Tambwe. Wenzake wakubwa walishindania pembe kubwa za bei ya juu. Yeye akanunua pembe ndogo ambazo wengi waliziacha, na akapata faida. Basi alikuwa na akili ya biashara tangu ujana.

Habari hii si ya mbali na sisi. Mwenzake mmoja, Juma Merikani, alifanya makao kwa Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, na huko Mwingereza Cameron alimkuta mwaka 1874.

MTAJI ULITOKA WAPI?

Msafiri wa bara hakuwa na fedha taslimu za kutosha. Alikwenda kwa matajiri wa Unguja, wengi wao Wahindi, wakampa nguo za merikani, shanga, masango na baruti kwa mkopo. Deni alililipa kwa pembe atakaporudi, pengine baada ya miaka mingi. Aliyemwamini Hamed kuliko wengine wote alikuwa Taria Topan, Mhindi wa Kutch, tajiri mkubwa wa Unguja na mkusanyaji wa ushuru wa forodha.

Hapa tusimame kidogo. Kuuza kwa mkopo ni halali, hata bei ikiwa juu kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba bei inajulikana na haibadiliki baada ya mapatano. Lakini muda ukipita na mwenye mali akaongeza deni kwa sababu ya kuchelewa, hiyo ni riba. Siku zile watu wa Unguja walikuwa na njia nyingine pia, ile bei ya khiyari. Mwenye shamba analiuza kwa anayemkopesha, akiwa na hiari ya kulirudisha akilipa. Huku anabaki ndani ya shamba lake mwenyewe na kulipa kodi kila mwaka. Kwa jina ni mauzo na kodi. Kwa maana ni mkopo wenye nyongeza. Kubadilisha jina la kitu hakukibadilishi mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ipo njia iliyo safi zaidi, nayo ni mudharaba. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi. Faida wanagawana kwa sehemu waliyopatana mwanzoni, nusu kwa nusu au theluthi. Hasara ikija bila uzembe wala hiana, mwenye mtaji anapoteza mali yake na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Kwa desturi ya namna hii Mtume wetu alisafiri na mali ya Bibi Khadija kwenda Sham. Msafiri wa Unguja hakupata huruma hiyo: pembe zikiibiwa au wapagazi wakifa njiani, deni lilibaki shingoni mwake yeye peke yake. Mtu mwenye deni la namna hiyo huona vigumu kurudi mikono mitupu, na shetani hukaa karibu naye.

MALI ILIPATIKANAJE?

Mwaka 1867 alipigana na Nsama, chifu wa Itabwa, akamshinda na kuchukua ghala lake la pembe. Kisha akafika Utetela. Huko alimwambia chifu Kasongo Rushie kwamba bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa ndugu wa chifu aliyetekwa zamani. Maneno hayo hayakuwa kweli, lakini kwayo alipewa utawala na pembe nyingi. Jambo hili alilisimulia mwenyewe. Na vijiji vilivyokataa vilipigwa, watu wake wakatekwa, wakabebeshwa pembe mpaka pwani.

Mwaka 1882, baada ya miaka 12 bara, alirudi Unguja na mali nyingi, akafanya hesabu na Taria Topan. Katika kulipa deni alikuwa mtu wa kutegemewa, na tumpe haki yake katika hilo. Lakini ndugu zangu, kulipa deni kwa mali ya dhuluma hakuisafishi mali hiyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wa watu watatu: aliyeahidi kwa jina Lake akavunja ahadi, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mfanyakazi akamaliza kazi naye asimpe ujira. Waliotekwa Manyema na Urua walikuwa watu huru. Walikuwa babu zetu na bibi zetu. Kitu ambacho si halali kukimiliki hakina bei halali, wala mkataba wowote hauwezi kukihalalisha.

MIKATABA NA MWISHO WAKE

Mwaka 1876 alipatana na Stanley kumsindikiza kwa vituo 60 kwa dola 5.000. Hawakufika hesabu hiyo. Wakaachana njiani kwa malipo pungufu, na manung'uniko yakabaki miaka mingi. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, kwa mshahara, chini ya serikali ya Mfalme Leopold. Baadaye Stanley akamshitaki Unguja, akidai pauni 10.000 kwa sababu ya wapagazi waliokosekana. Ilimbidi arudi Unguja mwaka 1891 kujitetea. Kesi ikaachwa, lakini hakurudi Kongo tena.

Kisha ikaja vita ya Wabelgiji na Waarabu, 1892 mpaka 1894. Kasongo ilitekwa, na mtoto wake Sefu akauawa mwaka 1893. Pembe na vituo vyake vyote vya Kongo vikapotea. Rumaliza wa Ujiji, aliyekuwa mshirika wake katika biashara, akamshitaki kwenye mahakama ya Wajerumani kwa sababu ya mali ya ushirika wao. Waliokula pamoja miaka mingi, wote Waislamu, wakamalizana mbele ya hakimu mgeni. Hamed aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa. Alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905. Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kumhukumu, sisi tunachukua mafunzo.

MAFUNZO KWETU

1. Tuache riba. Hapa mjini mtu akikwama huenda kwa wanaoitwa Banki Lambert. Tuseme anachukua franka 100.000, mwisho wa mwezi anadaiwa 150.000, na karatasi ya parsela yake imekwisha shikwa. Hiyo ni riba ya wazi, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Mwenye uwezo amkopeshe ndugu yake kardhi hasana, arudishiwe kile kile alichotoa. Mdaiwa akiwa na shida ya kweli, apewe muda.

2. Tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ushirika wa mahindi au wa samaki wa Kinkondja usianze kwa maneno matupu. Andikeni nani ametoa nini, faida itagawanywa vipi, na ushirika utavunjwa vipi. Kuandika si kumdhania ndugu yako mabaya, bali ni kuulinda undugu wenu.

3. Tusiuze tusichokijua. Kununua mahindi ya shamba fulani yakiwa bado hayajakomaa ni gharari, maana mvua ikikosekana mmoja ameliwa. Ukitaka kumsaidia mkulima mapema, fanya salam: lipa bei yote leo, mkitaja aina, kipimo, mahali na siku ya kukabidhi, bila kufunga mkataba kwenye shamba moja.

4. Tuulize mali imetoka wapi. Msikiti ukijengwa, mahari ikilipwa, mtoto akisomeshwa, tusitazame wingi wa makuta peke yake.

Ee Mwenyezi Mungu, turuzuku halali na uitie baraka, utuepushe na riba na deni linalovunja mgongo, uwarehemu waliodhulumiwa katika nchi hii, na utusamehe sisi na wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukiisha kuisoma mpe mwenzako, usiitupe chini.)