Christopher Marlowe: Mwanachuo, Mfasiri na Mtunzi wa Tamthilia

Wanafunzi wanaosoma tamthilia ya Kiingereza vyuoni aghalabu hufundishwa kwamba Christopher Marlowe alikuwa mtangulizi wa Shakespeare, kisha husimuliwa kisa cha kuuawa kwake. Mishororo yake huja mwisho, ikiwa muda umesalia. Katika makala haya tunajaribu kuyaeleza maisha yake kwa kuanzia pale ambapo, kwa maoni yetu, utunzi wake ulianzia, yaani kwenye meza ya mwanachuo aliyekuwa akifasiri ushairi wa Kilatini.

Marlowe alibatizwa mjini Canterbury tarehe 26 Februari 1564, miezi miwili kamili kabla ya kubatizwa kwa Shakespeare. Baba yake, John, alikuwa fundi viatu. Kijana alisoma katika shule ya King's mjini humo, na mwishoni mwa mwaka 1580 akaingia chuo cha Corpus Christi, Cambridge, kwa ufadhili uliowekwa na Matthew Parker, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ufadhili huo uliweza kudumu miaka sita kwa mwanafunzi aliyekusudia kuwa kasisi. Fasihi ya Kiingereza haikuwa somo. Mantiki, balagha na falsafa zilisomwa kwa Kilatini, na hata michezo iliyoigizwa vyuoni mingi ilikuwa ya lugha hiyo.

Inakisiwa kuwa ni katika miaka hiyo alipofasiri Amores ya Ovid pamoja na kitabu cha kwanza cha utenzi wa Lucan unaohusu vita vya Warumi wao kwa wao. Hapa mwanaisimu hana budi kutua. Arudhi ya Kilatini hupima urefu wa silabi. Ya Kiingereza hutegemea mkazo. Ya Kiswahili, kwa mapokeo, huhesabu silabi zenyewe na kuzifunga kwa vina. Kwa hiyo mfasiri hawezi kukihamisha kipimo cha lugha moja kama ahamishavyo neno. Kwa Ovid, Marlowe alitumia mishororo miwili miwili yenye vina. Kwa Lucan aliviacha vina kabisa, akashika mshororo wa silabi kumi na mikazo mitano. Kipimo hicho hakukibuni yeye. Surrey alikwisha kukitumia kumfasiri Virgil, na tamthilia ya Gorboduc, iliyochezwa mbele ya Malkia Elizabeth mwaka 1562, ilitungwa kwa kipimo hicho hicho, ingawa kwa ukakamavu wa mtu anayehesabu hatua zake.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1584. Ya uzamili nusura aikose, kwani mwaka 1587 palikuwa na uvumi kuwa alikusudia kwenda Rheims, walikosomea Wakatoliki wa Kiingereza waliokuwa uhamishoni. Baraza la Malkia likaingilia kati, likieleza kwamba kijana huyo alikuwa ameitumikia serikali vyema. Utumishi wenyewe haukutajwa, na pengo hilo limejazwa kwa masimulizi mengi ya ujasusi, baadhi yakiwa na mantiki zaidi ya mengine.

Huko London, Tamburlaine ilimpatia sifa mara moja. Mchungaji anayegeuka mshindi wa mataifa alihitaji usemi mpana, na katika kinywa chake mshororo usio na vina ukaacha kuchechemea. Shakespeare alikirithi kipimo hicho, na kwa njia ya Shakespeare kimetufikia hata sisi: Julius Nyerere alipofasiri Julius Caesar (1963) na baadaye Mabepari wa Venisi (1969), aliandika mishororo isiyo na vina, miaka kadhaa kabla ya mgogoro wa ushairi wa Kiswahili kupamba moto. Wanaoshikilia kwamba kila shairi lisilo na vina ni guni wangefaidika kwa kuupitia ukoo huu.

Katika Doctor Faustus, mwanachuo wa Wittenberg anazipima elimu zote, moja baada ya nyingine, na kuzitupa. Afikiapo theolojia anasoma nusu tu ya aya ya Waraka kwa Warumi, ile ihusuyo mauti, na kuiacha nusu inayoahidi uzima. Kosa lake la kwanza, basi, ni kosa la usomaji. Nasi hatuna nakala iliyochapwa mtunzi akiwa hai. Matoleo ya 1604 na 1616 yanatofautiana sana, na mwalimu anayetumia moja bila kulitaja jingine anawanyima wanafunzi haki yao.

Mwezi Mei 1593 Marlowe aliitwa mbele ya Baraza. Tarehe 30 ya mwezi huo, huko Deptford, Ingram Frizer alimchoma kisu juu ya jicho. Ripoti ya uchunguzi, aliyoichapisha Leslie Hotson mwaka 1925, inataja ugomvi juu ya malipo. Tuhuma za ukafiri zilitoka kwa Thomas Kyd, aliyekuwa ameteswa, na Richard Baines, hasimu wake. Ushahidi wa namna hiyo hautoshi kuwa ufunguo wa tamthilia zake.

Mwaka 1599 tafsiri yake ya Ovid ilichomwa moto hadharani. Mmoja wa wawili waliotoa amri hiyo alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, John Whitgift, aliyekikalia kiti kile kile cha Matthew Parker.